Frateri, Niitume Hii Barua?



Wapendwa vijana wenzangu, nilikuwa nimepanga kuandika juu ya kuitwa kwa Petro na Andrea kando ya ziwa. Nimejaribu mara tatu nikafuta. Kila nikifika kwenye zile nyavu walizoziacha, nakumbuka ujumbe mmoja wa WhatsApp, na mkono unakuwa mzito. Basi ngoja nianze na huo ujumbe.

Ilikuwa saa tano usiku. "Frateri, barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Niitume?"

Aliyeuliza ni dada mmoja wa kwaya yetu, hapa parokiani ninapofanya mwaka wangu wa uchungaji baada ya kumaliza falsafa. Amenipa ruhusa nisimulie, kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala kampuni yake. Alikuwa kitengo cha huduma kwa wateja, wale tunaowapigia pesa ikienda namba isiyo yake. Kutwa nzima hedifoni masikioni, "karibu, nikusaidie nini?", mtu asiyemwona anamtukana naye anamjibu kwa upole. Ni kazi ngumu, lakini ni ajira rasmi: mshahara unaingia, bima ya afya ipo, mkopo unapata. Na ana sauti, jamani. Akiimba wimbo wa katikati, hata wale wazee wetu wa benchi la nyuma wanaosinzia tangu somo la kwanza huinua vichwa. Ndoto yake ni kuishi kwa sauti hiyo. Kurekodi, kuimbia filamu, tamthilia, chochote.

Nilimjibu kwa muda usiozidi dakika moja. "Tuma! Petro hakuomba likizo, aliacha nyavu akaondoka. Na kama unataka mfano wa siku hizi, mwangalie KK wa India." Nikaweka na vile vikono viwili vya kusali. Nikalala fofofo.

Wiki tatu baadaye, baada ya Misa ya pili, mama yake alinisubiri nje ya sakristia. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, wewe ndiye uliyemwambia aache kazi?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Aliniambia tu kwamba mdogo wake yuko chuo cha afya, mwaka wa pili, na ada alikuwa akilipa dada mtu. Aliniambia kuna mkopo wa SACCOS, na mdhamini ni yeye mama. Kisha akaniuliza swali ambalo sijapata kuulizwa hata kwenye mtihani wa mwisho wa metafizikia: "Sasa nieleze. Huyo Keikei ni nani?"

Nikababaika. Nikasema ni mwimbaji wa India, marehemu. Akanitazama, akasema haya, akaenda zake. Haya ninayoandika leo ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Mama, sisi tuliokua na banda la video mtaani, KK tulimjua kabla ya kujua jina lake. Picha za Kihindi zilikuwa Jumamosi mchana. Hatukuelewa neno hata moja la Kihindi, lakini nyimbo tulizishika kwa mlio tu, tukaziimba shuleni, mtoni, hadi kwenye foleni ya kisimani. Na tuligombana sana: nani anaimba vizuri zaidi, Shah Rukh Khan au Salman Khan? Kuna rafiki yangu mmoja tulinuniana juma zima kwa sababu hiyo.

Ukweli ni kwamba hakuna kati yao aliyekuwa akiimba. Katika filamu nyingi za India, mwimbaji huingia studio kwanza. Anarekodi wimbo wake, analipwa, anaondoka. Baadaye sana, pengine mlimani kwenye theluji, rekodi ile inapigwa kwa spika kubwa na mwigizaji anachezesha midomo juu yake huku kamera inazunguka. Huo ndio uimbaji wanaouita pleibeki. Ulianza India mwaka 1935, kwenye filamu ya *Dhoop Chhaon* iliyotengenezwa Kolkata, miaka minne tu baada ya filamu ya kwanza ya sauti nchini humo. Uso ni wa mmoja, koo ni la mwingine.

Mwanzoni yule mwenye koo hakuhesabiwa kabisa. Mwaka 1949 ilitoka filamu ya *Mahal*. Ina wimbo uliotikisa India nzima, na kwenye santuri yake jina la mwimbaji liliandikwa Kamini. Kamini ni nani? Ni mhusika wa ndani ya hadithi! Watu wakaiandikia redio barua wakiuliza sauti ile ni ya nani hasa, ndipo ikajulikana ni ya binti wa miaka isiyofika ishirini na moja, Lata Mangeshkar. Hata zile tuzo kubwa za Filmfare, zilizoanza mwaka 1954, hazikuwa na tuzo ya mwimbaji mpaka 1959, na ilimlazimu Lata huyohuyo kugoma kuimba kwenye sherehe zao ndipo wakamsikia.

(Sisi Watanzania nasi tuna sehemu yetu katika jambo hili. Kili Paul, yule kijana wa Kimasai, na dada yake Neema, walijulikana India nzima kwa kuchezesha midomo juu ya nyimbo za filamu zao, hadi ubalozi wa India hapa nchini ukampa heshima Februari 2022. Wahindi walimpenda kijana wa Kitanzania akiwa amevaa sauti zao. Nikiiona video yake huwa najikuta namtafuta mwimbaji ni nani. Ni ugonjwa nilioupata baadaye, nitaeleza.)

Sasa KK. Jina lake kamili ni Krishnakumar Kunnath. Alizaliwa Delhi mwaka 1968, wazazi wake wakiwa watu wa Kerala. Alisoma shule iitwayo Mount St. Mary's, kisha chuo cha Kirori Mal, Chuo Kikuu cha Delhi. Hakuwa Mkatoliki, msije mkasema Frateri anatubatizia watu marehemu. Hakusomea muziki popote. Baada ya chuo alipata kazi ya masoko katika biashara ya hoteli, kazi ya tai na kadi mfukoni, na akaifanya kwa takribani miezi minane. Mwaka 1991 alimwoa Jyothy. Mwaka 1994 wakahamia Mumbai ili yeye atafute kuimba.

Mpaka hapo ndipo nilipokuwa nimeishia kusoma usiku ule nilipomjibu binti yako. Aliacha kazi, akaenda, akawa mwimbaji. Safi! Kama picha ya Kihindi yenyewe: wimbo mmoja, na katikati ya wimbo mtu ameshabadili nguo mara sita na amehama nchi.

Kilichokatwa pale katikati nimekisoma baada ya wewe kuniuliza. Alipofika Mumbai hakuna aliyempa filamu. Alipewa nyimbo za matangazo. Vitambaa vya suti, vinywaji, sabuni, vitu vya namna hiyo. Sekunde thelathini, jina hakuna. Inasemekana katika miaka minne aliimba matangazo zaidi ya 3,500, kwa lugha 11 za India. Piga hesabu, mama. Ni zaidi ya tangazo mbili kwa siku, kila siku, pamoja na sikukuu, kwa miaka minne. Mwaka 1996 akapewa kipande kidogo katika wimbo wa filamu ya *Maachis*, wakiimba wengi. Ni 1999 ndipo ilipotoka albamu yake *Pal*, neno ambalo maana yake ni kitambo kidogo, na mwaka huohuo akaimba ule wimbo wa kilio wa *Hum Dil De Chuke Sanam* ambao Salman Khan anauchezesha midomo. Ndio ule tuliogombania mimi na rafiki yangu.

Miaka mitano tangu kuhama. Nani alimlisha katika miaka ile mitano? Yalimlisha matangazo ya sekunde thelathini. Hakuishi kwa ndoto, aliishi kwa kibarua cha kuimba, na kibarua kile ndicho kilichokuwa shule yake. Hili sikumwambia binti yako, kwa sababu sikulijua. Na sikulijua kwa sababu sikutaka kujua. Nilikuwa na mahubiri mazuri mkononi na sikutaka yaharibike.

Vijana, narudi kwenu. Nikasema, kama nimemkata KK katikati, huenda na Petro nimemkata. Nikafungua Injili. Ni aibu kidogo kwa mtu anayejiandaa kusoma teolojia, lakini nitawaambia nilichokiona.

Kwanza, Petro hakuitwa na mtu asiyemjua. Ukisoma Yohane sura ya kwanza, Andrea alikuwa mfuasi wa Yohane Mbatizaji, akakaa na Yesu siku nzima, kisha akamleta ndugu yake. Na kwa Luka, sura ya tano, Yesu anaingia kwanza kwenye mashua ya Simoni, anaitumia kama mimbari, anamjazia samaki, halafu ndipo habari ya kuacha vyote inakuja. Tunapenda ile ya Marko na Mathayo kwa sababu ni fupi: akaita, wakaacha. Ukiziweka Injili zote pamoja unaona palikuwa na muda. Palikuwa na kufahamiana.

Pili, Marko 1:20. Hapa nilikuwa nimepita mara mia bila kuona. Yakobo na Yohane walimwacha baba yao Zebedayo katika mashua, na Marko anaongeza maneno machache: pamoja na watu wa mshahara. Yaani mzee hakuachwa peke yake na nyavu zilizochanika. Palikuwa na mikono ya kuvuta mashua jioni ile. Mwinjili mwenye haraka kuliko wote wanne, asiyepoteza wino, ameona tukio hilo haliwezi kupita bila kutuambia kwamba mzee alibaki na watu.

Na tatu, hii ndiyo iliyonichoma. Kabla sura hiyohiyo ya kwanza haijaisha, Yesu anatoka sinagogi la Kafarnaumu na kwenda wapi? Nyumbani kwa Simoni na Andrea. Ndani yumo mama mkwe, amelala na homa. Injili haituambii yule mama alisema nini aliposikia mkwewe ameacha uvuvi. Mimi nina mawazo yangu kuhusu chanzo cha ile homa, lakini tuyaache. Yesu anamwendea, anamshika mkono, anamwinua. Aliyemtoa mtu kwenye nyavu aliingia nyumbani kwake, akamtazama yule aliyekuwa akila kutokana na nyavu zile.

Mimi nilimtoa mtu kwenye nyavu nikiwa kitandani. Nyumbani kwake sikuwahi kufika. Sikujua kama kuna mama, kama kuna homa, kama kuna ada.

Na niwe mkweli zaidi. Sijawahi kulipa kodi ya nyumba. Tangu seminari ndogo, kengele ikilia kuna wali na maharage mezani; waumini wananinunulia sabuni na viatu. Mtu wa namna hii akikuambia "tupa nyavu", muulize bei ya nyavu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, tuliyemsoma kwa jasho jingi, anafundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru, yaani kufikia kutenda. Nilijibu swali la mtihani kuhusu hilo nikapata alama nzuri sana. Lakini usiku ule niliruka moja kwa moja hadi kuamuru. Na si amri juu ya maisha yangu, bali ya mwenzangu! Mtakatifu Inyasi wa Loyola naye, katika Mazoezi yake ya Kiroho, anaonya kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu asibadilishe uamuzi wake, abaki alipokuwa mpaka nuru irudi. Ningemuuliza swali moja tu, "kwa nini leo?", angeniambia. Alikuja kuniambia baadaye: siku ile msimamizi wake alimfokea mbele ya wenzake kwa kosa la mtu mwingine. Barua iliandikwa kwa machozi kwenye daladala. Kuna kuondoka kwa sababu unaitwa, na kuna kuondoka kwa sababu unafukuzwa na maumivu. Ukiwa ndani ya daladala usiku, mambo haya mawili yana sura moja.

Lakini sitaki mnisome vibaya. Sisemi abaki mtu mahali pasipo pake kwa sababu ya mshahara. Tomaso huyohuyo anasema tendo kuu la busara ni lile la tatu. Mwenye kutafuta shauri tu, leo kwa paroko, kesho kwa katekista, keshokutwa kwenye semina ya VIWAWA, na barua yake iko kwenye rasimu tangu mwaka juzi, huyo naye hana busara, ana woga uliovaa rozari. Mfano wa talanta uko pale, Mathayo 25, na aliyefukia ndiye aliyeonekana mwangalifu kuliko wote. KK angebaki kwenye hoteli, pengine angekuwa meneja mzuri. Benny Dayal, mwingine wa kazi hiyo, mzaliwa wa Abu Dhabi mwenye asili ya Kerala, naye aliacha kazi ya kuratibu matukio katika kampuni ili aimbe. Wapo. Mungu hutoa sauti ili isikike.

Wengine mtaniuliza, Frateri, nyimbo za mapenzi za filamu nazo ni wito? Wimbo Ulio Bora upo ndani ya Biblia yako, kausome kwanza. Na mwulizeni Yesudas. Huyu ni Mkatoliki aliyezaliwa Fort Kochi mwaka 1940, mtoto wa mwigizaji na mwimbaji wa jukwaani; jina lake maana yake ni mtumishi wa Yesu, na ameziimbia filamu za India tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nyumba yake ya kwanza ya muziki ilikuwa ya baba yake, na baba hakuwa na mali.

Niliahidi kueleza ugonjwa wangu wa kutafuta sauti. Ulianza tarehe 1 Juni 2022. Nilikuwa seminarini, tuko katikati ya kujiandaa kwa mitihani, na mwenzangu mmoja akanionyesha simu: KK amefariki jana usiku, Kolkata, saa chache tu baada ya kushuka jukwaani kuwaimbia wanafunzi wa chuo, ukumbi wa Nazrul Mancha. Miaka 53. Moyo. Mwenzangu akaanza kupiga nyimbo zake, moja baada ya nyingine. Ile ya Salman. Ile ya Shah Rukh ya *Om Shanti Om*. Ile ya Ranbir Kapoor. Zile za Emraan Hashmi ambazo kaka zetu walizitumia kutongozea. Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi. Zote zilikuwa za mtu mmoja! Utoto wangu wote uliimbwa na mtu mmoja ambaye sura yake ndiyo kwanza naiona, siku ya habari za kifo chake.

Na yeye hakuona shida. Aliwahi kusema kwamba kwa mwimbaji kuonekana uso si kitu, la maana asikike. Aliteuliwa kuwania Filmfare mara kadhaa bila kuipata, na hakuonekana kukimbizana na kamera.

Sasa tazameni tarehe. Tarehe 31 Mei, siku aliyokufa, Kanisa linaadhimisha Sikukuu ya Bikira Maria kwenda kumtembelea Elizabeti. Asubuhi ile tulikuwa tumesoma Luka sura ya kwanza. Elizabeti anasema nini? Kwamba ile sauti ya salamu ilipofika masikioni mwake, mtoto aliruka tumboni. Yohane Mbatizaji alianza utumishi wake kwa kusikia sauti, hajaona uso wa mtu yeyote. Na alipokuja kuulizwa wewe ni nani, hakujibu kwa jina la ukoo wala cheo. Alisema yeye ni sauti tu (Yn 1:23). Mtakatifu Agustino ana hotuba juu ya hilo, tunaisoma katika Kipindi cha Masomo Dominika ya tatu ya Majilio: Yohane ni sauti, Kristo ni Neno. Sauti inakuja, inalifikisha neno moyoni mwako, halafu sauti yenyewe inapita, na neno linabaki.

Nilidhani kwa hiyo padre ni kama KK, sauti iliyofichika. Nikaliandika wazo hilo kwenye daftari, nikajipongeza. Baadaye, nikitumikia Misa, nilimtazama baba paroko wakati wa mageuzo, amechoka, ana mafua, ameinama juu ya mkate, nikaona nimegeuza mambo juu chini. Yale maneno ya mageuzo si yake. Mwili anaoutaja si mwili wa paroko wetu! Mtakatifu Yohane Krisostomo alishafundisha hivyo zamani: kuhani anatamka, lakini nguvu na neema ni vya Mungu. Yeye pale mbele ni yule mwigizaji. Uso ni wake, midomo inayocheza ni yake, na Sauti ni ya Mwingine aliyetangulia kurekodi, Alhamisi moja jioni, Yerusalemu. Hatari kubwa ya mwigizaji ni kuanza kuamini kwamba ile sauti ni yake. Watu wanakuja wanalia, wanashika mkono wako, wanakuita baba, nawe ukisahau unaanza kujibu maswali ya maisha yao saa tano usiku, kwa dakika moja, kwa sauti ya Mungu.

Hilo ndilo nililolifanya. Nilichezesha midomo mahali ambapo hapakuwa na rekodi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda bodaboda hadi nyumbani kwao. Nilimwomba radhi mama kwanza, kisha binti. Mama alinipa chai. Binti alicheka, akasema, "Frateri, hata ungesema hapana ningeituma. Nilitaka tu mtu wa kulaumu." Sijui kama alisema hivyo kunipunguzia mzigo. Tuliketi mkekani watatu, tukaandika kwenye karatasi: ada, mkopo, chakula, nauli ya studio. Ni mara ya kwanza nimesali nikiwa na kikokotoo. Mezani palikuwa na Luka 14, yule mwenye kujenga mnara anayekaa kwanza kuhesabu gharama, na palikuwa na deni la SACCOS la miezi kumi na minne. Tukaenda naye kwa mwenyekiti wa SACCOS kuomba muda. Wakampa miezi mitatu. Siku hizi asubuhi anapika vitafunwa vya kuuza shuleni, mchana anafundisha sauti watoto wa Utoto Mtakatifu, jioni anazunguka kwenye studio za mtaani na sauti yake kwenye simu. Mdogo wake aliahirisha muhula mmoja. Siwezi kuandika hilo haraka haraka nikapita. Muhula mmoja wa maisha ya mtu umeenda, na sehemu yake ni mimi.

Juzi nilikuwa kwenye daladala natoka kununua mishumaa ya parokia. Redio ilikuwa inapiga kelele kama kawaida. Likaja tangazo la duka la magodoro, limechanganywa vibaya, gitaa limefunika maneno, na ndani yake sauti ya kike inaimba jina la duka mara tatu na namba ya simu. Nikaijua kabla haijafika mara ya pili. Nikageuka huku na huku nimwone mtu wa kumwambia. Abiria wako kwenye simu zao. Kondakta akairudia ile namba ya simu kwa mdomo wake, akiimba hivyohivyo alivyoimba yeye, huku anahesabu chenji.

Nilimtumia ujumbe. Akajibu kwamba ni lake la pili, lile la kwanza hawakumlipa. Mwombeeni, pamoja na mdogo wake. Mama yake bado ananiita "Frateri wa Keikei".